Martina Amekufa Njia ya Kakola

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mtaa mzima umekwenda kwenye maonyesho. Mimi niko peke yangu jikoni, Nyasubi, na sufuria ya ugali uliogoma.

Mama Limi ameondoka! Kapanda basi la asubuhi kwenda kwao Nyarugusu, Limi mgongoni, begi mkononi, hata kugeuka nyuma hakugeuka. Sababu? Vitambaa vya kochi!

Naandika ukweli mtupu. Vitambaa vinne alivifuma mwenyewe, viende kwenye maonyesho na kikundi chake cha akina mama. Vilikuwa kabatini, vimelala. Mimi nina tatizo la vumbi. Vumbi la Kahama mwezi huu linaingia hata kwenye yai. Nikavichukua nikavishona mbele ya rejeta ya gari, kimoja juu ya kingine, vikakaa kana kwamba alilipima. Mke mwingine angejivunia kwamba kazi ya mikono yake inatembea barabarani. Yeye aliniuliza nampenda nani, yeye au gari. Nikamwomba muda wa kufikiri. Sikuwa na nia mbaya! Swali zito halijibiwi papo kwa papo. Akaanza kufunga begi.

Nakubali kwamba nalitunza gari. Ni gari dogo jeupe, vioo vyeusi, halina mkwaruzo. Oili naimwaga kabla haijachafuka. Plagi nazifuta kwa pamba kila Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani. Chujio la hewa nalipuliza kwa mdomo, maana upepo wa kompresa ni wa kikatili. Siku Mama Limi aliposhikwa na uchungu nilimkodia bajaji, kwa kuwa gari lilikuwa ndiyo kwanza limeoshwa. Mpaka leo analitaja jambo hilo.

Nikaliita Martina. Hii ni siri yangu. Martina ni jina la ubatizo la Mama Limi, lakini tangu tupate mtoto hakuna anayelitumia. Sokoni ni Mama Limi, kanisani Mama Limi, mimi mwenyewe namwita Mama Limi. Jina zima, zuri, limekaa bure! Nikampa gari. Mwenyewe sijamwambia. Nangoja siku nzuri nimshtukize.

Jioni kapiga simu baba mkwe, Mzee Jilala. Hakuuliza hali. Amesema Jumapili kuna kikao cha ukoo. Kama kabla ya hapo sijafika kwa miguu yangu kuomba radhi, ndoa imekwisha, na binti yake atabaki kwake.

Nyumba iko kimya. Ugali niliupika ukawa uji, nikaongeza unga ukawa tofali. Namtaka mke wangu arudi. Basi, nimeandika.

Jumanne, 8 Julai

Nina mpango!

Kesho nakwenda Nyarugusu na gari. Wakwe wataliona linang'aa, watajiuliza: mtu anayetunza bati namna hii, mke atamtunzaje? Kikao kitakufa kabla hakijazaliwa.

Nimeshinda gereji ya nyuma ya nyumba, yaani chini ya mpapai. Oili mpya, ingawa ile ya zamani ina wiki mbili tu. Matairi nimeyapaka mafuta ya nazi. Vitambaa vya rejeta nimevikaza kwa uzi wa viatu, maana njia ya Kakola ina malori ya migodini na vumbi lake halina adabu.

Sufiani alikuja kusimama. Sufiani ni jirani, pia katibu wa Chama cha Kufa na Kuzikana cha mtaa wetu, ndiye anayekaa na ufunguo wa Fuso la chama la kubebea viti, turubai na marehemu. Ana gari dogo kama langu. Boneti lake limefungwa kwa kamba ya manila. Oili hajabadilisha tangu alinunue. Kuku hutagia kiti cha nyuma. Linawaka kila siku! Nimemwomba Mungu anieleze jambo hili, bado.

Akaniambia hii bebi woka yangu, ndivyo wanavyoviita vigari hivi, itakufa kwa kupendwa. Akacheka. Akaitazama mbele kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nimeliweka akilini jicho lile.

Mchana nilikwenda sokoni kumnunulia Mama Limi kitenge. Nikapata kizuri mno, cha rangi ya zambarau na ndege. Nikampelekea fundi cherehani akakishona. Viti vyote vinne vimevaa vizuri. Mama Limi atafurahi akiona.

Jumatano, 9 Julai

Naandika nikiwa kando ya barabara, mbele kidogo ya Kakola.

Amekufa. Martina wangu amekufa!

Tuliondoka vizuri. Tangu Segese mshale wa joto ulianza kupanda. Nikasema moyoni, gari lina hamasa, limejua tunakwenda ukweni. Mshale ukafika juu kabisa ukatulia. Nami nikatulia. Kisha mbele pakawa peupe. Nikadhani vumbi, nikapandisha vioo. Kikaja kishindo ko-ko-ko, kama mtu anabisha hodi kutoka ndani ya injini. Halafu kimya. Nikateleza taratibu mpaka karibu na karasha, zile mashine za wachimbaji za kusaga mawe ya dhahabu, nikasimama hapo.

Nililia. Hakuna aliyeniona ila mbuzi.

Gari lililotunzwa hivi! Ni kama mtu anayekunywa maji yaliyochemshwa halafu anapata kipindupindu. Ni jicho la Sufiani, sina shaka. Lakini Sufiani ndiye mwenye Fuso, na mimi nahitaji kubebwa. Nikameza kiburi nikampigia. Mtandao unakuja na kuondoka. Nikapiga kelele kwamba Martina amekufa, amekufa ghafla mikononi mwangu, niko njia ya Kakola, alete Fuso haraka.

Sufiani kwa sauti ya chini kabisa akasema innalillahi. Simu ikakatika.

Nimeshangaa. Kwa injini tu! Kumbe jirani yangu ana utu, tena nilikuwa namwonea. Nimemsamehe nusu.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi wachimbaji walinisukuma hadi kwa Maduhu, fundi wa injini za karasha. Kwa maneno yake mwenyewe hakuna bingwa mwingine kati ya Bulyanhulu na Geita mjini. Ana ovaroli lenye jina la mtu mwingine. Akaweka sikio juu ya boneti, akafumba macho, akasema imetangulia. Akafungua boneti. Akaona vitambaa. Akaniuliza hiki nini. Nikamweleza habari za vumbi. Akakaa chini na kucheka mpaka akashika mbavu, akawaita wenzake wote wa karasha waje kuona, wengine wakapiga picha. Akaniambia rejeta inavuta upepo, mimi nimeiziba pua na kuifunika blanketi. Maneno ya mtu aliyezoea mashine za mawe. Gari la starehe hajawahi kulishika. Vitambaa aliving'oa. Alipogeuka nikavirudisha.

Halafu simu ya Mwahija, mke wa Sufiani. Analia! Kati ya kwikwi nikapata kwamba turubai limeshafungwa mbele ya nyumba yangu, viti vimepangwa, wanawake wanachambua mchele, kwaya inafanya mazoezi. Akasema pole Baba Limi, Mama Limi wetu jamani, juzi tu kaniazima kinu.

Ndipo nikaelewa. Mtu akifa hurudishiwa jina lake la ubatizo. Katika mtaa wetu mzima Martina ni mmoja tu, na ni mke wangu.

Nilifungua mdomo kusahihisha. Naapa nilifungua! Lakini Mwahija akaendelea, kwamba Fuso linaondoka asubuhi kuja kuchukua mwili, chama kinabeba kila kitu, mimi nisiguse chochote.

Nikafunga mdomo.

Nifikirie kama mtu mzima. Nikisema ukweli leo, Fuso halitoki. Fuso lisipotoka, Martina atabaki hapa, na Maduhu ameshaanza kuangalia tairi zangu kwa matamanio. Nikinyamaza mpaka Fuso lifike Nyasubi, nitasema ukweli hapo hapo, tutacheka wote, wali utaliwa. Nikabidhi gari kwa fundi wa mjini, nipande basi kwenda ukweni Jumamosi. Kila mtu kapona! Tena sitasema uongo hata mmoja. Nimejiwekea sharti hilo. Nitasema ya kweli tu, kuhusu Martina.

Mwahija aliuliza Limi yuko wapi. Nikasema yuko kwa babu yake, mzima. Kweli tupu. Akalia zaidi, akaniita jasiri.

Ijumaa, 11 Julai

Fuso lilifika na wanaume wanane na jeneza. Sufiani mbele, kofia kichwani, uso umeanguka. Akanikumbatia. Akasema alinitania kuhusu gari wakati mambo mazito yalikuwa njiani, nimsamehe. Ilikuwa vigumu kuendelea kumchukia akiwa amenilowesha bega.

Wakauliza mwili uko wapi. Nikasema umo humu, nikaonyesha gari. Nilikuwa nimefunika kioo cha mbele kwa shuka. Vingine ni vyeusi vyenyewe. Wakataka kumtoa. Nikasema hatoki. Yeye na gari hawatenganishwi, wabebe vyote pamoja. Kweli tupu!

Wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba amesikia watemi wa zamani walizikwa wameketi. Mwingine akasema kumbe Mama Limi ni wa ukoo wa mtemi, ndiyo maana alikuwa hapendi kupangiwa bei. Ikawa imekwisha. Hakuna aliyechungulia. Wanaume wanane, wachimbaji kumi na ushee, na Maduhu akipiga kelele za kuhesabu, wakamnyanyua Martina mpaka juu ya Fuso, wakiimba. Jeneza wakaliweka juu ya paa lake. Maduhu naye akapanda, eti mgonjwa alifia mikononi mwake, ana wajibu. Namjua, amesikia habari ya pilau.

Njiani simu ya Mzee Jilala. Nilikaribia kuitupa. Kisha nikawaza vizuri. Sufiani amemtumia salamu za rambirambi. Lakini mzee anamwona binti yake akitembea uani kwake, mzima. Kwa hiyo lazima ameshatambua kuwa aliyekufa ni gari! Mzee mwerevu. Nikapokea kwa moyo mwepesi.

Akauliza taratibu kama ni kweli Maltina amekufa. Herufi ya r haimpandi ulimini, hata kwenye jina la binti yake. Nikasema ni kweli, baba. Akauliza nilimtoa wapi. Dar, baba, bandarini. Nilimkuta ameshakaa na mtu mwingine, lakini mwili ulikuwa haujaguswa. Akauliza tumekuwa pamoja muda gani. Miaka minne. Akauliza nilikuwa namlaza wapi. Chini ya mpapai, nikasema, ila mvua ikinyesha namfunika na blanketi la harusi. Nikafunguka kabisa! Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za Martina kwa uzito ule. Nikamwambia asubuhi nilikuwa nikimgusa tu anaitika, kwamba anakunywa kidogo, kwamba nilimpaka mafuta kwa mikono yangu mwenyewe. Mzee alikuwa anapumua kwa nguvu. Akasema, "Wabeja, ng'wanawane. Kesho tunakuja wote."

Asante, mwanangu, kaniambia! Na wanakuja wenyewe! Sihitaji hata nauli ya basi.

Tulipoingia Nyasubi nilitaka kusema ukweli. Wallahi nilitaka. Lakini mtaa wote ulikuwa umejaa mpaka kwenye lami. Wanawake wa kikundi chake wamevaa sare. Muuza mchicha ambaye kila siku wanagombana alikuwa amelala chini akilia. Mwenye mashine ya kusaga kafunga mashine. Sikujua mke wangu ana watu wengi namna hii. Nilikaa ndani ya Fuso nikiwatazama, nikaficha uso kwenye shati. Wakasema nimepigwa na uchungu. Pengine walikuwa sahihi.

Nitasema kesho.

Jumamosi, 12 Julai

Lo! Lo! Lo!

Nitajaribu kuandika. Jicho la kushoto limevimba, nitaeleza.

Saa ya wasifu wa marehemu ilifika. Gari liko katikati ya turubai, limefunikwa, limezungukwa na maua. Sufiani akasema hakuna wa kumweleza Martina ila mume. Nikasimama. Nikaamua nitaanza na gari, nitaingia polepole kwenye ukweli, watu watacheka.

Nikasema Martina hakuwahi kunisumbua. Nikasema alikuwa hachagui njia, tope au vumbi. Vilio! Nikasema siku ile joto lilimpanda, mimi nikaona, nisielewe, nikazidi kukanyaga. Vilio zaidi. Nikatafuta sentensi nyingine ya gari. Haikuja. Macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa jikoni. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba tangu aondoke nyumba iko kimya, kwamba ugali unanishinda, kwamba Jumatatu nilimtandikia kitanda upande wake halafu nikakumbuka. Hilo silo la gari. Sijui lilitoka wapi. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, mbele ya Sufiani.

Nyuma kabisa akasimama mwanamke aliyejitanda khanga mpaka machoni. Kando yake Mzee Jilala na mkongojo, na wajomba. Mwanamke akapita katikati ya viti. Akasema anataka kumwona.

Akauliza, "Yuko wapi huyo wa Dar?"

Akajifunua.

Mama Limi!

Sijawahi kuona turubai likitembea. Kwaya ilipitia upande mmoja, kikundi cha akina mama upande mwingine, nguzo zikafuata. Sufiani, katibu, mtu wa mazishi miaka yote, alipanda mpapai. Mpapai! Ukakatika. Muuza mchicha alizimia, akaamka, akamwona tena, akazimia. Maduhu peke yake hakuondoka, alikuwa na sahani.

Mama Limi hakujali. Akavuta shuka, akafungua mlango wa gari kutafuta maiti ya mke mwenzake. Akakuta viti vinne vya kitenge cha ndege. Akafungua buti. Tairi la akiba. Akafungua boneti. Hapo akasimama. Vitambaa vyake vinne vilikuwa pale, vimekaangika rangi ya kahawa, vimefungwa kwenye rejeta.

Akanigeukia. Akauliza Martina ni nani.

Nikanyoosha kidole kwenye gari.

Alikaa chini kwenye mkeka wa msiba akacheka. Alicheka mpaka watu wakaanza kurudi wakichungulia. Nikadhani yamekwisha, nikacheka naye. Ndipo akaacha. Akasema kwa upole kwamba tangu jana usiku alikuwa anamlilia mwanamke asiyemjua, anajiuliza huyo ana nini ambacho yeye hana. Kumbe huyo ana magurudumu. Akasema afadhali angekuwa mwanamke.

Hilo limeniuma. Limeniuma kuliko mkongojo wa Mzee Jilala, uliofika muda huo huo kwenye jicho la kushoto.

Jumapili, 13 Julai

Kikao cha ukoo kimefanyika uani kwangu, kwa kuwa ukoo ulikuwa hapa tayari na wali ulikuwa mwingi.

Nilijitetea. Nilisema sikusema uongo wowote, kosa ni la ngeli tu. Ningesema limekufa badala ya amekufa, yote haya yasingekuwapo. Mjomba mmoja, mwalimu mstaafu, alikiri kuna hoja. Wengine wakamnyamazisha.

Sufiani, kichwa kimefungwa bendeji, akasimama kwa niaba ya chama. Akasema chama hakijawahi kufunga turubai, kupika na kuchimba kaburi halafu kurudisha majembe yakiwa safi. Ni mkosi. Kaburi lililo wazi hutafuta mtu. Watu wote wakanitazama mimi. Ikabidi nikohoe.

Mzee Jilala akasema, "Kaburi lina jina la Maltina. Basi Maltina azikwe."

Mama Limi ndiye aliyetoa sharti. Injini ishushwe, izikwe, na mimi nimwage udongo kwa mikono yangu. Nikifanya hivyo, anarudi ndani leo. Nikikataa, anapanda Fuso na baba yake. Na siku akiona hata bolti moja ya injini ile ndani ya nyumba yake, ataenda Nyarugusu asirudi hata kwenye msiba wake wa kweli.

Akaniuliza nahitaji muda wa kufikiri?

Nilimtazama. Amekonda wiki hii. Nikasema hapana.

Maduhu akaitoa injini kwa saa chache, na kelele nyingi. Tukaiweka kwenye jeneza. Tulipolinyanyua likatoa kitako, injini ikamwangukia Sufiani kwenye kiatu. Tukaifunga kwenye vitenge vya viti, tukaishusha kwa kamba ya manila ya boneti lake. Kwaya ikaimba, maana imefanya mazoezi siku tatu. Nikamwaga udongo. Machozi yalinitoka mengi. Mama Limi akanishika mkono, akasema basi, inatosha.

Baadaye, watu wakiosha masufuria, nilimwita jina lake. Martina. Mara ya kwanza tangu tumpate Limi. Akasema, "Abee?" haraka, kama msichana, kisha akaona aibu, akaenda kupanga vikombe. Nilisimama pale mlangoni kama mjinga. Sijui kwa nini nililigawa jina lile.

Jioni tumekula ugali. Ulikuwa ugali kweli.

Jumatano, 16 Julai

Siku tatu za amani. Mtu mpya! Nimefuta vyombo. Nimembeba Limi kwenda dukani. Namwita Martina asubuhi na jioni, na kila mara anaitika. Sufiani ananiamkia tena, ingawa kwa mbali. Nimejifunza. Moyo wangu umetakasika.

Jambo dogo tu.

Wakati tunamwaga udongo Jumapili, Maduhu alininong'oneza sikioni kwamba injini haijafa. Imezimia. Kilichoungua ni gasketi na silinda hedi, mwili wenyewe mzima, na kwamba ni dhambi kuzika kiumbe kinachopumua. Nikamwambia anyamaze, nimeshaapa. Akanyamaza. Lakini maneno yakabaki sikioni, usingizi ukaondoka. Fikiria wewe mwenyewe. Yuko chini pale, tumbo limejaa oili mpya, anangoja!

Jana mchana Martina akiwa kwenye cherehani yake, mimi na Maduhu tulimfukua. Kaburi tumelirudishia, maua juu yake, hakuna atakayejua. Gereji haimfai, Sufiani anapita pale kila saa. Stoo ina panya. Nikatafuta mahali salama katika nyumba nzima, mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kufikiria kutazama. Chini ya kitanda chetu! Kitanda nimekiinua kwa matofali. Nimemwambia Martina ni kwa ajili ya mgongo wangu, na ni kweli, mgongo wangu ulipata shida sana kumwingiza.

Leo alfajiri akasema chumba kinanuka oili. Nikasema ni mimi. Kweli tupu. Akanitazama, akaniuliza polepole kama naweza kuapa kwamba sasa hakuna mwingine kati yetu. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nikashika mkono wake, nikaapa kwa moyo safi kabisa kwamba kati yetu hakuna. Na kweli hakuna. Yuko chini.

Amefurahi mno. Amesema anaamka kunipikia chai ya tangawizi. Ninaandika haya nikiwa bado kitandani, nimeegemea ukuta. Martina ameinama kutafuta kandambili zake.

Bado ameinama.

Sasa amepiga magoti.

Hakuna wasiwasi. Nina mpango.